Nta ya Ipole kwenye Uzi wa Juu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Siku njema sana. Cherehani yangu ya kiwandani imekaa barazani kama bwana harusi, mota inaunguruma kwa adabu. Na kazi imeingia! Magauni kumi na nane ya zambarau, ya kwaya ya Wamoraviani wa Ipole. Yachukuliwe Jumamosi mchana, maana Jumapili wanashindana Sikonge. Mama Consolatha, kiongozi wa kwaya, kaja mwenyewe na kitambaa, chupa ya asali na bonge la nta ukubwa wa ngumi. Nta ni ya mke wangu Batuli, apake miguu yenye nyufa. Nikapokea kwa mikono miwili.

Fundi Nurdini, ng'ambo ya barabara, aliona yote. Nilihakikisha anaona. Miaka tisa nimekaa kwenye kigoda chake nikipinda suruali za watu. Machi nikaondoka, nikatangaza mbele ya wateja kwamba sirudi hata kwa kubebwa. Tangu hapo sijampa shikamoo. Nikimwona anakuja, nafunga kamba za viatu. Nimevaa kandambili.

Batuli kasema kwa upole, na upole wake ndio unaonitisha, kwamba kazi hii ikiharibika, cherehani inarudi kwa aliyetuuzia na mimi narudi kwenye kigoda. Kigoda bado kipo mlangoni kwa Nurdini. Hakuna anayekikalia. Sipendi kukitazama.

Mchana nikapata wazo. Marehemu baba alishona viatu na mikoba kwa mkono, kwa uzi uliopakwa nta ya Ipole, na hakuna mkoba wake uliofumuka. Nani Tabora nzima amefikiria kupaka nta uzi wa cherehani ya umeme? Hakuna! Nimepaka koni nzima ya uzi, taratibu, harufu ya miombo imejaa barazani. Nikasinzia. Nikauona mshono wangu ukitembea wenyewe, mnyoofu, ukapita Sikonge, ukapita Ipole, ukashika njia ya zamani ya misafara hadi Ujiji bila kukatika. Wapagazi wakasimama pembeni wakiushangaa. Mmoja akauliza fundi ni nani.

Jumanne, 9 Septemba

Gauni la kwanza. Juu safi. Nikageuza. Chini uzi umejaa vitanzi, kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Nikavuta kidogo tu, mshono wote ukafunguka mkononi.

Nikafikiri. Ubaya uko chini. Bobini, kile kigurudumu cha kuzungushia uzi, inakaa chini. Basi mkosaji ni bobini. Nikaitoa na kesi yake, kikasha cha chuma kinachoishika, nikakaza ile skrubu ndogo. Vitanzi. Nikakaza zaidi. Uzi wa chini ukakatika. Nikalegeza. Vitanzi vikaja na ndugu zao.

Nikakumbuka kipimo alichonifundisha Nurdini, ingawa sitakiri kwamba ni yeye. Unaining'iniza kesi kwa uzi wa bobini, unaitikisa. Ikishuka kidogo ikasimama, tensheni ya chini, yaani mkazo wa uzi, ni nzuri. Nikairudisha skrubu hadi kesi ikashuka kidogo, ikasimama. Kisha ikaanza kuzunguka polepole juani, inameta, inazunguka. Nikaitazama. Niliposhtuka, watu walikuwa wanatoka kuswali alasiri na sijakata kitambaa kingine.

Kwa hiyo bobini haina kosa. Nikaikaza hata hivyo. Skrubu ikaruka mchangani, ndogo kama ufuta! Nimeitafuta kwa sumaku ya spika ya redio ya Batuli. Nimepata misumari minne, kibanio cha nywele, na skrubu. Redio haisemi tena. Batuli bado hajui.

Uzi nimeuongezea nta.

Jumatano, 10 Septemba

Nyuki watatu. Wametua kwenye koni, wanatembea juu yake kama wazee wanaokagua kiwanja. Nimefurahi sana. Nyuki hawamwendei mtu hivi hivi. Nimemweleza mteja mmoja kwamba ni baraka. Akasema atakuja baraka zikiondoka.

Magauni yaliyokamilika: hakuna.

Mpango mpya, mzuri kuliko wote. Nimempa Tunu, muuza vitumbua, kipande cha kitambaa chenye vitanzi. Ampelekee Nurdini, aseme ni cha shemeji yake wa Urambo, aulize cherehani iliyoshona hivi inaumwa nini. Nikamsisitizia: Urambo! Asinitaje kabisa. Tunu akaniangalia kwa huruma, akaenda. Nikajificha nyuma ya pazia la duka langu mwenyewe.

Nurdini alikigeuza kitambaa. Akakinusa. Kisha, kwa maelezo ya Tunu, akamwambia amwambie huyo shemeji wa Urambo, anayechungulia kwenye pazia, aache kupaka uzi nta. Vitanzi vikitokea chini, kosa huwa liko juu. Uzi wa juu unapita katikati ya visahani viwili vya chuma vinavyoubana. Nta imeganda pale, visahani havifungi, uzi unashuka bila breki.

Kosa la chini liwe juu! Nimecheka peke yangu. Mtego wa wazi kabisa. Anajua nta ndiyo siri yangu, anataka niiache. Nimepaka koni ya pili.

Alhamisi, 11 Septemba

Nyuki wamezidi hesabu. Wanaimba sauti moja na mota, na kusema kweli wanapatana. Nilifumba macho kusikiliza. Nikaona wanawake kumi na wanane wa zambarau wakitoka msituni, wanaimba, kila mmoja na nyuki begani. Walikuwa wazuri mno. Nikafumbua macho, nimeshona mkono wa gauni kwenye shingo.

Mpango: niseme vitanzi ni urembo. Nikamjaribu Batuli, nikamwambia ndiyo mtindo wa Dar sasa. Akavuta uzi mmoja kwa vidole viwili. Gauni likawa vipande vitano. Akauliza kama Dar wanatembea hivyo. Halafu akauliza redio ina nini.

Nyuki akaniuma pua. Nilishukuru, maana ilibadilisha mazungumzo.

Ijumaa, 12 Septemba

Sipendi kuandika ya leo.

Asubuhi nimekaa juu ya ndoo yangu mbele ya cherehani bila kuiwasha. Pua kama ndizi. Nimekitazama kigoda ng'ambo, kwa mara ya kwanza bila kugeuza uso. Nimewaza Mama Consolatha anashuka kesho kwenye basi, nampa furushi la vipande. Wanakwenda Sikonge na nguo za nyumbani, mbele ya kwaya zote. Nilijua nakaribia kulia, nikasingizia pua.

Baada ya swala ya Ijumaa Batuli akavuka barabara. Hakuniaga. Nikamwona anaongea, Nurdini anaitikia kwa kichwa. Wakaja wote wawili. Nikainama kufunga kamba za kandambili, lakini alisimama tu pale juu yangu, akisubiri, na shikamoo ikanitoka kabla sijaizuia. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kama vile nilimsalimia na jana.

Kwanza akazitoa koni zangu, akaenda kuziweka chini ya mwarobaini wa kona. Nyuki wote wakamfuata, hata kuniaga hawakuniaga. Akainua mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, ili visahani viachane. Akalowesha utepe wa kitambaa kwa mafuta ya taa, akaupitisha katikati yake, huku na huku. Utepe ukatoka na nta ya kahawia, vipande vipande. Akaisawazisha skrubu ya bobini kwa kuining'iniza kesi mara moja. Akaweka uzi wake, mkavu. Akashona. Akageuza.

Chini kulikuwa kama juu. Kahawa niliyomnunulia ilikuwa bado ya moto.

Nilidhani ataondoka. Akakunja mikono ya kanzu, akasema kazi ni nyingi, nikate. Nimekata, yeye ameshona.

Jumamosi, 13 Septemba

Magauni kumi na nane! Tangu alfajiri tumepokezana. Nurdini ameshona mengi, mimi nimefanya kazi ngumu zaidi, ya kupiga pasi. Mama Consolatha kafika saa saba, kavaa lake palepale, kaimba ubeti mmoja barazani. Wapita njia wakasimama. Nikahisi machozi, na safari hii pua imeshapona.

Akasifu mshono. Nikasema asante. Nurdini alikuwa anafuta miwani.

Jumatatu, 15 Septemba

Kwaya imeshika nafasi ya pili! Mama Consolatha ametuma shukrani kwa basi: bonge la nta, mara mbili ya lile la kwanza. Na Urambo wanataka sare za shule.

Asubuhi Nurdini kavuka barabara amebeba kigoda changu cha zamani. Kakiweka karibu na cherehani, kasema fundi mwenye mashine yake asishone akiwa amekalia ndoo. Akarudi kwake. Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu. Ni wazi amekubali kushindwa.

Nimekikalia. Kina shimo langu lilelile la miaka tisa. Jua lilikuwa laini, treni ikapiga honi mbali, nikauona tena mshono wangu, sasa umepita Urambo unaelekea Kigoma.

Nimepata wazo. Nurdini alikataza nta kwenye uzi wa juu. Uzi wa bobini hakuutaja kabisa. Nimeupaka vizuri, tabaka mbili.

Saa nne amefika nyuki wa kwanza. Nimemsogezea kiti.