Nyota Moja kwa Duka la Subira

Jumatatu, 3 Machi

Feni imefika! Nimeishinda kwenye mnada wa mtandaoni, nikiwa nimejifungia chooni ili nisisumbuliwe. Muuzaji anajiita Duka la Subira. Mimi kule ni Mteja Mwadilifu. Mzigo umeletwa kwa kinyozi wa ghorofa ya chini, mke wangu asije akajua ni kitu cha mtumba. Nimemwambia ni mpya, ya dukani. Akauliza risiti iko wapi. Nimechoka na maswali ya nyumba hii.

Feni yenyewe ni nzima. Inazunguka kimya, inageuza shingo, imesuguliwa ikasuguika. Imekuja imefungwa ndani ya blanketi kuukuu lililofuliwa vizuri. Nimeikagua mpaka shingo ikaniuma mimi. Hatimaye nimepata mkwaruzo chini ya kitako. Mwembamba, lakini mkwaruzo ni mkwaruzo.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwandikia muuzaji kuwa nimesikitika sana. Arudishe nusu ya bei, la sivyo nitasema ukweli hadharani. Akajibu kwa upole kwamba mkwaruzo ulionekana kwenye picha, na kama feni haikunipendeza niirudishe, atanirejeshea zote. Niirudishe! Na joto hili?

Nikampa nyota moja. Nikaandika: “Feni ina upepo wa uvivu. Muuzaji hana utu.” Fupi, lakini inauma. Kipaji changu kinapotea bure kwenye ghala la rangi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Mke wangu katoka kuongea na mama yake kwenye simu, macho mekundu. Nikauliza nani kafa. Hakuna aliyekufa. Ni kwamba mkwe wangu, tangu alipostaafu uuguzi, hufufua vifaa vya umeme vilivyokufa na kuviuza mtandaoni. Sikujua! Mimi huniambia habari za magoti yake tu. Duka lake linaitwa Duka la Subira.

Wiki hii ndiyo angepewa alama ya muuzaji wa kuaminika. Amenyimwa kwa sababu ya nyota moja. Tangu juzi hajashika bisibisi. Anasema labda mikono imezeeka.

Hilo la mikono limenichoma, sitaki kusema uongo humu. Mke wangu ameapa kwamba akimpata huyo Mteja Mwadilifu, atamjua yeye ni mtoto wa nani. Kazi ya kumsaka amenipa mimi, maana ndiye mjuzi wa mitandao. Nimekubali. Ningesemaje? Watoto nao wanaimba “upepo wa uvivu” nyumba nzima, wamejipanga mbele ya feni ileile.

Ijumaa, 7 Machi

Ningeweza kuyafuta yale maoni. Lakini huko ni kukiri kosa, na Mteja Mwadilifu ana heshima yake. Nina mpango bora. Nimejificha ghalani, nikakaa juu ya kopo la rangi, nikafungua akaunti tatu za watu wasiokuwepo: Mwalimu Mstaafu, Mama Mapacha na Nahodha. Wote wamelisifu Duka la Subira kwa nyota tano. Nahodha alinogewa, akasifu na jokofu.

Kopo lilikuwa limevuja. Nimerudi nyumbani na makalio meupe.

Jumamosi, 8 Machi

Mkwe hajawahi kuuza jokofu. Wenye mtandao wamegundua kuwa sifa zote zimetoka kwenye simu moja, wakadhani anajisifu mwenyewe. Wamelifunga duka! Nilitaka kuziba ufa, nimebomoa ukuta.

Mke wangu anasema ni kazi ya yuleyule shetani. Nimeafiki kwamba ni shetani. Sijala vizuri leo.

Jumapili, 9 Machi

Mkwe amekuja kula nasi mchana. Kiti kilichobaki wazi kilitazamana na feni. Akaitazama, akasema inazunguka vizuri. Mke wangu akamuuliza kama wenye mtandao hawawezi kumtaja yule mtu.

“Namjua,” mkwe akasema. “Namba yake ya simu niliiandika juu ya mzigo kwa mkono wangu.”

Mke wangu akadai apewe hiyo namba sasa hivi.

“Unayo kwenye simu yako, mwanangu.”

Mke wangu akaitazama feni. Akanitazama mimi. Feni ikageuza shingo, nayo ikanitazama.

Mkwe hakupandisha sauti. Alisema nyota hazikumuuma sana. Lililomuuma ni lile la kukosa utu. Lile blanketi lilikuwa la marehemu mumewe. Aliifungia feni ndani yake isije ikagongwa njiani, kwa kuwa alijua inakwenda kwa wajukuu zake.

Nilitamani sakafu inimeze. Sakafu ikakataa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewaandikia wenye mtandao ukweli wote, mke wangu akiwa amesimama nyuma yangu na mwiko. Duka limefunguliwa. Yale maoni nimeyabadilisha: feni ni nzima, mkwaruzo ulionyeshwa, muuzaji ni muungwana. Nyota tano. Kuandika haki kumenichukua muda mfupi kuliko uongo wote ule. Ajabu.

Kumbe na muuzaji humpima mnunuzi! Mkwe ameniandikia: “Analipa kwa wakati. Akikosa kasoro huitengeneza. Ana watoto wazuri.” Nyota tatu. Mke wangu anasema nimependelewa.

Jumatano, 12 Machi

Nyota tatu! Na mkwe mwenyewe! Jina la Mteja Mwadilifu limeshaingia doa, halifai tena. Nimefungua jipya: Mnunuzi Mnyofu. Na tayari nimeshinda saa ya ukutani. Muuzaji ni mgeni, anajiita Nakusubiri. Kioo kina ufa karibu na tisa, palepale ulipo ufa wa saa yetu ya sebuleni. Nitadai nusu ya bei.

Yetu haipo ukutani tangu jana. Mke wangu anasema kaipeleka kwa mama yake ikatengenezwe. Hata hasira zimemwisha, ameshinda akicheka na mama yake kwenye simu. Nyumba imetulia.

Safari hii sikutoa namba yangu. Nimetoa ya kinyozi. Mtu hujifunza.