Nani Atawasha Babula?

Jumatatu, 9 Juni
Baridi ya kukata masikio! Katika lupango letu, ua mmoja wa vyumba vya kupanga, tuko mama wawili, mimi na Honorine, tunagawana ukuta. Tulipatana hivi: leo mimi nawasha babula, jiko la makaa, kesho yeye, na asiyewasha anakuja na bati lake kuchota makala ya moto. Leo ilikuwa zamu yangu. Nikabaki kitandani. Nikakoroma, kwa nguvu. Honorine akagonga mara tatu, akachoka, akawasha yake. Nikatoka na mihayo, nikachota. Mtoto wangu Sephora amekunywa uji wa moto, ameoga maji ya moto, na makala yangu yote yangali mfukoni! Akili ninayo. Shule tu ndiyo iliniacha mapema.

Jumanne, 10 Juni
Zamu ya Honorine. Nimetoka na bati. Babula yake baridi kama jiwe! Mwenyewe amekaa mlangoni, amejifunika kitenge, anakula bukari ya jana, ugali mkavu. Nikauliza kuna nini. Eti: mama Sephora, naumwa, ule ugonjwa wako wa jana umenishika na mimi. Mwanamke wa roho mbaya!

Jumatano, 11 Juni
Nimeapa siwashi wa kwanza. Honorine naye hivyohivyo. Babula mbili zinatazamana, moshi hakuna. Faustin, mume wangu, akauliza kama tumeanza kufunga, akaenda kazini na maji ya baridi tumboni. Sephora hakuoga. Vidole vyake baridi kama samaki wa frigo. Lakini sikushindwa!

Alhamisi, 12 Juni
Sephora anakohoa. Miezi minane tu, kifua kama cha kifaranga. Nimewasha mbio, nikilia. Ni moshi. Honorine huyo, na bati lake, bila haya! Nilitaka kumfukuza. Nikampa makala matatu. Madogo.

Ijumaa, 13 Juni
Honorine amewasha. Amenipa makala matatu. Madogo. Aliyachagua, nilimwona!

Jumamosi, 14 Juni
Basi nikamjazia bati, nione. Alitazama bati, akanitazama mimi, akaenda.

Jumapili, 15 Juni
Amenijazia mpaka mengine yakaanguka. Kisha akamchukua Sephora, akamwogesha mwenyewe kwa maji yake ya moto. Kikohozi kimekwisha. Mtoto akacheka, meno yote mawili nje. Hakuna aliyeomba msamaha. Faustin anasema mwishowe tumepata akili. Mimi nilikuwa nayo tangu Jumatatu.

Jumatatu, 16 Juni
Mpangaji mpya katika chumba cha nyuma! Anaitwa Cathy. Kijana, mpole, ana mfuko mzima wa makala, haujafunguliwa. Akauliza hapa mambo ya moto yanaendaje. Nikamweleza vizuri: sasa tuko watatu, kila mtu zamu yake, tuanze upya, kesho mimi. Honorine akamnong'oneza kitu, wakacheka. Nadhani alikuwa anamkaribisha.
Cathy hanijui hata kidogo. Nimekwisha jaribu kukoroma mara mbili, kwa ajili ya kesho. Sephora amefurahi sana.