Nguzo ya Bibi Cornelia

Jumatatu, 2 Februari 1976
Bibi Cornelia kaanguka tena. Mlangoni pake, mbele ya wapita njia. Kanyanyuka, kakung'uta tope, kasema ardhi ndiyo iliyomfuata. Lakini habari zimeshateremka bondeni Mtowisa, kwa mwanawe Flavian. Anakuja Jumapili. Akikuta bado anaanguka, anamchukua akaishi naye kule kwenye joto na mbu. Bibi hataki. Mimi ndiyo kabisa! Nimetoka Newala kuja kuponda kokoto za barabara, mifupa inalia, na chumba nilichopanga jirani na jiko la Bibi ndicho kitu pekee chenye joto katika Ufipa nzima. Balozi wetu wa nyumba kumi, Polikarp, keshauliza kama chumba changu kitatosha mahindi ya kijiji. Fisi yule!

Jumanne, 3 Februari
Nimepata dawa: majivu. Nimeyamwaga kutoka mlangoni hadi chooni, Bibi asiteleze. Mvua ikanyesha. Majivu yakawa uji. Wa kwanza kuanguka: mimi, na ndoo yangu. Polikarp akapaza sauti kuuliza kama kwetu Newala ndivyo tunavyooga.

Alhamisi, 5 Februari
Kamba ya katani, toka mlangoni mpaka chooni. Ashike huku anatembea. Safi! Jioni nimerudi kazini, kamba imejaa khanga na blanketi langu. Bibi kanishukuru sana, eti hajapata kuwa na mpangaji mwenye huruma namna hii. Chooni huenda kwa njia ya nyuma. Siku zote. Kule hakuna tope.

Ijumaa, 6 Februari
Nimegundua! Si tope. Ni adabu! Mtu akipita, Bibi anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anauliza habari za nyumba, za ng'ombe, za ulezi shambani. Mwenzake naye yuko chini, anajibu na kuuliza yake. Kushuka anashuka vizuri. Kupanda ndipo goti linapogoma. Basi, asisalimiwe! Nimezunguka kwa majirani kuwaambia daktari kakataza. Daktari hayupo. Mungu atanisamehe, ni kwa wema.

Jumamosi, 7 Februari
Balaa! Asubuhi nzima watu wamepita kimya, macho chini. Bibi akaniuliza kamkosea nani. Uji hakuugusa. Mara akatoka, kwenye tope lile lile, nyumba hadi nyumba, kuomba radhi kwa kosa asilolijua. Na kila mlango anachuchumaa! Mimi nyuma yake, mikono nimeitandaza kama mtu anayeswaga kuku. Kufika kwa Polikarp nikashindwa, nikasema kweli yote. Polikarp, fisi yule yule, akachuchumaa kabla ya Bibi, akapiga makofi, akamwambia, mama, wakosaji ni sisi, tumemsikiliza mponda kokoto. Bibi akacheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi hakunisemesha hadi ugali ulipoiva.

Jumapili, 8 Februari
Watu wakiwa misani nimechimbia nguzo nene kando ya mlango. Ashike wakati wa kunyanyuka. Bibi kurudi, kaitazama, kaniuliza: we mjukuu, mkono mmoja unapigaje makofi? Akaigeuzia mgongo, akaiegemea. Akashuka nayo polepole, akapiga makofi yake, akapanda nayo polepole. Hakuyumba! Akarudia, akionja utamu wake.

Flavian akafika. Akachuchumaa kumwamkia mama yake, kama mtoto aliyelelewa. Mama akashuka, wakasalimiana mpaka habari za ndama, mama akapanda. Flavian akabaki chini. Goti! Bibi akampa mkono, akamvuta, akamwuliza kama Mtowisa ataweza kufika peke yake au amsindikize. Watu wakavunjika mbavu. Flavian akajipangusa, akasema basi, mama abaki. Bibi akasonga ugali wa ulezi wa sherehe. Chumba ni changu!

Jumatatu, 9 Februari
Jana usiku Polikarp kaja mwenyewe, mpole, kuomba nguzo kwa ajili ya mama yake. Nikamwambia nguzo ni mambo ya zamani. Alfajiri nikaenda kwake kumtengenezea mama yake njia, ndoo ya majivu mkononi. Mvua ikanikuta katikati ya kazi. Kifundo cha mguu kimevimba kama boga. Polikarp kanirudisha mgongoni, akiimba. Bibi kaniazima fimbo yake, kaniruhusu kumwamkia nikiwa nimekaa.

Nimelala hapa nafikiri. Kosa nimeliona sasa. Majivu yalikuwa machache.