Askofu wa Nicanor

Nicanor alifukuzwa kazi ya upishi kwa mzungu mmoja wa kahawa pale Ruiru kwa sababu ya bata. Aliwauzia majirani bata wote wa tajiri wake, kisha akamwambia tajiri, kwa huzuni kubwa, kwamba walikuwa wameruka kwenda Uganda.

Jumapili iliyofuata, mwaka wa hamsini na nane, alikuwa ameketi kando ya barabara ya Thika akisikiliza tumbo lake likilalamika. Watu wakawa wanampita: vibarua wa kahawa, akina mama na watoto mgongoni, wazee wamebeba viatu mkononi wasivichakaze njiani. Wote walikuwa wanaenda kanisani Thika, na jua lilikuwa halijachomoza vizuri.

"Mama, si ni mbali?" akamuuliza mmoja.

"Ni mbali sana. Lakini tutafanya nini, na hapa karibu hakuna kanisa?"

Nicanor akasimama. Mtu mwingine angesikia hayo akawaonea watu huruma. Nicanor naye aliwaonea huruma, lakini kwanza alipiga hesabu.

Enzi hizo za hali ya hatari ya mkoloni watu hawakuruhusiwa kukusanyika ovyo. Nicanor akaenda kwa chifu, akaongea asubuhi nzima juu ya usafi, vyoo na utii, akatoka na kibali. Akakata kola nyeupe kwenye kasha la viatu, akaifunga shingoni, na jioni ile akawa Mchungaji Nicanor wa Kanisa la Mlango Mpana.

Lakini kanisa lisilo na mwenyewe ng'ambo halina heshima, kwa hiyo akatengeneza askofu. Alimwita Askofu Jefasoni wa Amerika, akampa ndevu nyeupe, moyo wa ukarimu na meli mbili.

Mtu wa kwanza kumpenda askofu huyo alikuwa Gerishon Macharia, mwenye mashine ya kusaga unga. Macharia alikuwa na mabati mapya yamelala stoo, akingoja kujenga duka la pili.

"Askofu akija akaona kanisa lina mabati," Nicanor alimwambia, sauti chini, "atatoa trakta."

"Ampe nani?"

"Mzee, unaniuliza mimi? Wewe ukiwa askofu, trakta ungempa nani? Si yule aliyetoa mabati?"

Macharia akameza mate. "Ni trakta ya rangi gani?"

"Nyekundu."

Mabati yakatoka stoo siku hiyo hiyo. Nicanor akakataza yasipigiliwe misumari. Sharti askofu ayabariki kwanza, alisema, la sivyo yatavuja. Yakapangwa vizuri ndani ya kuta za udongo zilizojengwa na waumini, mahali ambapo lori lingeweza kurudi nyuma mpaka mlangoni.

Shida ni kwamba askofu alitaka pia kazi ya jamii. Nicanor mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, katika mahubiri ya kwanza, alipoishiwa na maneno. "Askofu atauliza: mmemtembelea nani? Mmemlimia nani?" Basi watu wakaanza. Jentrix, kibarua aliyetoka Kakamega na mwenye sauti ya kuamsha mtaa, akaunda kwaya iliyoimba kwa wagonjwa mpaka wengine wakapona ili wapate kulala. Wanawake wakawalimia vikongwe mashamba. Jioni watu wazima walijifunza kusoma. Mtu fulani akaleta cherehani ili wasichana wafundishwe kushona, mwingine mbuzi, mwingine benchi. Nicanor alipopita njiani wazee walivua kofia. Aliona raha ambayo hakuwa ameipangia, akaikemea kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

Akatangaza kwamba askofu angekuja Jumapili. Kisha akaenda Thika, akapata mnunuzi wa mabati, na akamkodi Kisilu, dereva wa lori, aje Jumamosi mchana, wakati watu wote watakuwa mtoni wakifua nguo za kumpokelea mgeni.

Kisilu alikuwa dereva mzuri, ila alikuwa hawezi kunywa chai na kunyamaza. Aliinywa Ruiru, kwenye kibanda cha Mama Magdalene, mjane aliyekuwa akikaa benchi la mbele kila Jumapili.

"Jumamosi nitambebea mchungaji wenu mabati na cherehani," alisema. "Anahama?"

Mama Magdalene akammiminia kikombe cha pili bila kuitisha pesa. "Hapana," alisema. "Hahami. Bado." Akavua aproni, akamwachia jirani kibanda, akapanda lori la Kisilu mpaka Thika.

Jumamosi ikafika. Nicanor alikuwa peke yake kanisani, ameshafunga mbuzi kamba na kuvaa koti la safari. Lori likatokea kwenye kona, akatabasamu. Lori likasimama, tabasamu likaganda.

Kutoka ndani ya lori alishuka mtu mrefu mweusi mwenye suti nyeusi, glavu nyeupe na mwendo wa pole, kama amebeba sinia lisiloonekana. Nyuma, palipotakiwa kuwa wazi, palikuwa na kwaya nzima, Macharia, na Mama Magdalene mwenyewe. Wengine walikuwa wakija mbio kutoka mtoni, nguo mbichi mabegani.

"Mchungaji!" Mama Magdalene akaita. "Furahi! Askofu Jefasoni ameshikwa na gauti mguuni, amemtuma mjumbe wake. Amewahi kwa siku moja!"

Mjumbe akainua glavu, watu wakainama. Akaanza kuomba kwa Kiingereza kizito, macho yamefumbwa: "Tomato supu. Rosti bifu, yokshaya pudini. Boildi kabeji, mint sosi. Kofii end chizi!"

"Ameni!" watu wakaitikia, wengine wakifuta machozi.

Katika mkutano ule wote ni mpishi mmoja tu aliyejua kwamba huo ulikuwa mlo wa mchana wa hoteli. Nicanor akasogea, akanong'ona: "Wewe ni weita. Wewe ni Wamalwa wa ile hoteli ya maporomoko ya Chania."

"Na wewe ni mpishi," mjumbe akamjibu bila kufumbua macho. "Waambie basi. Waambie mimi si mjumbe wa askofu wako. Watakuuliza umejuaje."

Nicanor akafungua kinywa. Akaangalia mikono ya wale vibarua, migumu kama mpini wa jembe. Akafunga kinywa.

Mjumbe akamgeukia Macharia. "Mzee, mabati haya umeyatoa kwa ajili ya Mungu, au kuna kitu ulikuwa unangojea?"

Macharia akatazama huku na huku. Mtaa wote ulikuwa unamsubiri. "Kwa... kwa Mungu, bwana."

"Kwa Mungu tu?"

"Kwa Mungu tu," Macharia alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezika trakta nyekundu.

Vigelegele vikapigwa. Mjumbe akabariki mabati kwa kuyapangusa kwa kitambaa alichokuwa amekikunja kwenye mkono, akaamuru yapigiliwe sasa hivi. Kabla jua halijazama kanisa lilikuwa na paa. Nicanor ndiye aliyeshika ngazi, kwa sababu kila alipojaribu kuiachilia alimkuta Kisilu nyuma yake.

"Sasa," mjumbe akasema, "askofu amependezwa mno na mchungaji huyu. Amempa uhamisho. Kule Marsabit, jangwani kaskazini, watu wanalia, hawana mchungaji. Ataondoka leo kwa gari la moshi la Nanyuki. Hapa kanisa litatunzwa na kamati ya akina mama."

"Leo?" Nicanor akapaza sauti. "Ngoja kwanza, mimi—"

"Ngai! Tazameni anavyotupenda," Mama Magdalene akasema, akamshika mkono, na mshiko wake haukuwa wa mjane dhaifu.

Wakampeleka stesheni kwa nyimbo. Pale jukwaani Nicanor alilia. Watu walisema ni upendo. Yeye mwenyewe alikuwa hana uhakika, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Jentrix alimpa nauli iliyochangwa, Macharia akampa unga, na mlango wa behewa ukafungwa kwa nje.

Akapangusa uso, akaanza kufikiri. Kituo kinachofuata ni Thika. Ataruka pale, atatoa kola, na kesho atakuwa mtu mwingine.

Gari liliposimama Thika, jukwaa lilikuwa limejaa. Jamaa zake Jentrix wa mashamba ya mkonge walikuwa wamepelekewa habari, na wote walikuwa wamekuja na ngoma. Walimzingira dirishani, wakampitishia kuku aliyekaangwa.

"Mchungaji, utuombee kabla hujaenda!"

Nicanor akasimama, akainua mikono. Waliokuwepo wanasema kwamba sala ile ilitoka moyoni kabisa, haikuwa na neno hata moja la uongo. Alimwomba Mungu gari liondoke.