Spana Ambazo Hazijazinduliwa

“Wananchi wa Nachingwea, furahini! Hatimaye mmeletewa karakana ya jamii!”

Gari la matangazo lilipopita na habari hiyo njema, wananchi wa Nachingwea walikuwa ndani ya karakana ya jamii, wanafanya kazi.

Walikuwa nayo siku nyingi. Dionisia, fundi wa kuchomelea, aliomba ghala bovu, watu wakachanga: huyu jenereta, yule jiriwa, mwingine misumeno ya marehemu baba yake. Mwenye kitu kilichoharibika alikuja akakitengeneza, akaenda zake. Kosa lao lilikuwa moja tu. Walianza bila kuzinduliwa.

Bwana Saturnini, Mratibu Mkuu wa Ubunifu wa Jamii, aliliona kosa hilo kwa masikitiko, akalirekebisha. Kwa mujibu wa taratibu, alifafanua, kifaa kisichozinduliwa hakipo, na kitu kisichokuwepo hakitumiki. Akaifunga jiriwa utepe, akalivisha jenereta nailoni, akatia kufuli mlangoni na ufunguo mfukoni. Mzee mmoja aliyekutwa na spana mkononi alipelekwa kwa mtendaji wa kata, akaeleze ni kwa idhini ya nani ameshika kitu kisichokuwepo.

Ulikuwa msimu wa kupulizia salfa. Mikorosho imetoa maua, ugonjwa wa ubwiri unga umeshaingia mashambani, na mashine za kupulizia zimekufa, kama zinavyokufa kila mwaka. Maua yakishaungua, korosho ndiyo basi tena.

“Bosi, yangu inavuja tangi tu,” alisema Bi Mwanaheri, mkulima, ameshuka na mashine yake kwenye bodaboda. “Fungua mara moja, Dionisia aizibe, tuondoke.”

“Mama, tumsubiri mgeni rasmi.”

“Anakuja lini?”

“Ameahirisha kidogo. Ratiba yake inaratibiwa.”

“Na ubwiri unga nao umeuratibu?”

Saturnini alicheka kwa upole, kicheko cha mtu aliyehudhuria semina ya kuzungumza na wananchi. Hakuwa na roho mbaya. Alitaka picha moja tu: mgeni rasmi, mkasi, yeye pembeni, na nyuma yao vifaa vinang’aa. Wakulima wangevipaka grisi.

Hata hivyo Nachingwea si mji wa kutishwa na mradi. Wenyewe ulijengwa na mradi. Wakoloni walileta matrekta walime karanga, karanga zikagoma, wakubwa wakarudi kwao na vyeo vyao, wenyeji wakaachiwa kutu. Mji unaokumbuka hayo unajua kusubiri. Unajua pia kuhesabu nani anausubirisha.

Siku ya uzinduzi ikafika. Maturubai, viti vya plastiki, kwaya imeshona sare. Wakulima wamepanga mashine zao foleni hadi barabarani. Mara simu ya Saturnini ikaita. Ni mgeni rasmi mwenyewe, anatokea Ruangwa: kishikio cha shokapu kimekatika, gari limelala chini porini, hata kijiji cha Likunja hajakipita, na fundi hakuna.

Saturnini alilifungua kufuli mwenyewe, mbio.

“Dionisia! Pakia mashine ya kuchomelea na jenereta kwenye pikipiki ya toyo, wahi Likunja!”

Dionisia hakunyanyuka kitini. “Mashine gani, bosi?”

“Si hiyo hapo!”

“Hiyo haipo. Haijazinduliwa.”

“Dada yangu, hii ni dharura!”

“Kumbe! Na maua ya watu yalikuwa mapambo?”

“Mgeni njoo, mwenyeji apone,” Mwanaheri akadakia. “Wa kwako ndiye mgonjwa.”

Foleni ikaangua kicheko. Saturnini akazipekua taratibu zake kichwani. Mgeni haji mpaka mashine iende. Mashine haiendi mpaka mgeni aje. Hazikuwa na tundu hata la sindano. Alizitunga mwenyewe. Jasho likamchuruzika, akaiweka simu kwenye spika.

“Mheshimiwa, tunaomba uzindue.”

“Nizindue nini? Niko porini hapa!”

“Tamka tu, mheshimiwa.”

“Haya, nimezindua! Nimezindua, leteni fundi!”

Kwaya, iliyoambiwa isubiri neno hilo, ikapasua wimbo. Nailoni zikachanwa. Jenereta likanguruma, na Dionisia akalivuta tangi la Mwanaheri.

“Mgeni rasmi kwanza!” Saturnini alipiga kelele.

“Yupo kwenye foleni,” Dionisia alimtuliza, anashusha miwani. “Nyuma ya yule mwenye toroli.”

Alasiri ndipo toyo ilipofika Likunja. Na kwa kuwa Dionisia hana desturi ya kumtengenezea mtu aliyekaa, mgeni rasmi alivua koti, akaingia uvunguni, akashikilia chuma huku cheche zikimtoboa shati.

Alipopanda jukwaani jua lilikuwa linazama. Viti vingi vilikuwa vitupu. Wenyewe walishakimbilia mashambani. Hotuba aliyoandikiwa aliikunja, akafutia mikono.

“Fundi kanieleza njiani kwamba hapa palikuwa panafanya kazi siku zote,” alisema. “Basi namtaka mtu mmoja tu asimame. Aliyepafunga.”

Saturnini, ambaye kwa mazoea huanza kupiga makofi kabla sentensi haijaisha, aligeuka kutazama nyuma. Alikuwa anapiga peke yake.