Sukari Isiyopata Njia

Jumatatu, 13 Februari 1961

Leo nimetukanwa na daktari wa kampuni. Kisa, nimelalamika uchovu. Kanipandisha kwenye mizani: ratili mia mbili na arobaini. Kisha akachemsha mkojo wangu pamoja na maji yake ya buluu, ukageuka rangi ya tofali. Asema damu yangu imejaa sukari, ila mafuta ya tumbo yamefanya misuli isiipokee, ndiyo maana nakula na bado nguvu sina. Upuuzi. Miaka kumi na minane naandika mizigo ya bandarini, sijaona bohari likafa njaa huku limejaa shehena.

Kaniamuru nikonde kabla ya tarehe nane Machi. La sivyo kiti changu cha ukarani atapewa Musyoka, kijana wa Machakos mwembamba kama ufito, nami nishushwe gatini kuhesabu magunia kwa miguu. Musyoka alikuwa mlangoni, akanipa pole. Mnafiki.

Alhamisi, 16 Februari

Mwezi umeandama. Daktari sikumwambia kwamba Ramadhani i karibu. Nisipokula mchana kutwa, mafuta yatakaa wapi? Nimemshinda bila kutoka jasho.

Mke wangu Mahfoudha auliza kwenye futari nitakula nini. Nimemjibu futari ni ibada, haimo katika hesabu za daktari.

Jumapili, 26 Februari

Nimefuturu msikitini. Pale kila nyumba yaleta sinia, na kuiacha sinia ya jirani ni kumvunjia heshima. Nimewaheshimu majirani wanane, wengi wao kwa kaimati za shira. Kisha nyumbani, mihogo ya nazi na viazi. Tambi za sukari Mahfoudha kazificha, mpaka nikazikuta chini ya kitanda. Wallahi nimeoa askari.

Usingizi wanizidi. Hata kalamu nzito.

Alhamisi, 2 Machi

Nimejipima kwenye mizani ya magunia. Mia mbili na hamsini na moja! Mizani mbovu. Nikamwita Musyoka apande, ikasema mia na thelathini, naye akasema ndio uzito wake. Basi si mbovu, ina upendeleo.

Jumatano, 8 Machi

Nilikwenda kwa daktari saa kumi alasiri makusudi, tangu alfajiri sijaonja hata maji. Sukari itoke wapi? Mkojo ukawa tofali vilevile. Nikamwambia maji yake yameoza. Akanieleza kwamba misuli isipopokea sukari, ini hufanya kana kwamba mwili una njaa, likatoa sukari yake lenyewe na kuimwaga damuni. Ini langu! Nimelilisha miaka arobaini na sita, leo lanitolea ushahidi.

Kesho niko gatini. Marehemu baba alikuwa kuli pale pale, na siku nilipopewa kiti alikuja kukishika kwa mkono wake. Nimelia kwenye feri ya Likoni mbele ya watu. Mahfoudha asema sikio la kufa halisikii dawa. Hiyo ndiyo pole yake.

Jumatatu, 22 Mei

Wiki kumi za jua na magunia, kutoka gati hadi gati. Leo daktari kanipima tena: mia mbili na kumi na tano, na maji ya buluu yakabaki buluu. Asema misuli inayofanya kazi huivuta sukari, na mafuta yakipungua misuli huzoea tena kuipokea. Niendelee kutembea hivihivi maisha yangu yote. Kanipa cheti cha uzima.

Nikakipeleka moja kwa moja kwa meneja, nikadai haki yangu. Nimerudishiwa kiti, Musyoka kashushwa gatini. Namhurumia, atakonda bure.

Nimemwagiza Mahfoudha sinia mbili za kaimati. Kaniangalia, akaingia jikoni kuificha sukari. Hana elimu ya mambo haya. Njia ya sukari imefunguka sasa, na kuiacha tupu ni ujinga.