Kupandisha Mwanga Daraja

Inatangazwa kwa wananchi wote wa Hanang, pamoja na ndugu zetu wa Mbulu ambao najua wataona wivu, kwamba kuanzia sasa mwanga hautabaki ulivyoumbwa. Utapandishwa daraja. Imeundwa Kamati ya Kupandisha Mwanga Daraja, mwenyekiti wake ni Mheshimiwa Xavery, na katibu wake, anayejitolea wakati ajira yake inashughulikiwa, ni mimi Rogers. Nilichaguliwa kwa sababu kutoka Katesh mpaka Dirma hakuna anayeijua fizikia kunizidi. Nasema hivyo kwa unyenyekevu.

Mambo yalianza Dk. Erica, mtafiti wa chuo kikuu, alipotuletea kioo kilichopakwa nukta kwanta. Hizo ni punje ndogo kiasi kwamba ukizimwaga huna haja ya kufagia. Alitaka kioo kile kikae nyuma ya paneli ya sola ya zahanati moja huko Dirma, paneli inayoendesha friji ya chanjo za watoto. Akaeleza kwamba kuna mwanga unaopenya paneli na kwenda zake bila kufanya kazi. Nukta zile zinaukamata, zinaunganisha chembe zake mbili, zinatoa moja yenye nguvu, na kuirudisha kwenye paneli.

"Mbili zinatoa moja?" Mheshimiwa akauliza. "Na zile mbili zinakwenda wapi?"

"Zinaishia hapo hapo, Mheshimiwa."

"Kama taarifa zetu," akasema mama wa masjala huku akimimina chai. "Tunaandika wawili wapandishwe cheo, anapanda mmoja."

Mheshimiwa akaagiza kauli hiyo iingie kwenye muhtasari kama pongezi.

Sasa huo mwanga unaokamatwa ni wa aina gani? Dk. Erica akautaja kwa Kiingereza, akaanza kukitafuta Kiswahili chake. Sikutaka mgeni ateseke. Nikatafsiri papo hapo: "Mwanga wa chini." Nje gari la Arusha likapiga honi, mtafiti akakusanya vitu vyake na kuondoka, akiamini ameeleweka.

Kamati ikabaki na mwanga wa chini mezani.

"Katibu, huu mwanga wa chini unatoka wapi?"

"Chini, Mheshimiwa."

"Na paneli yetu inatazama wapi?"

"Juu."

Mheshimiwa akavua miwani taratibu, kama mtu aliyegundua ubadhirifu. "Yaani miaka yote hii tumeipa ardhi mgongo!"

Azimio likapita bila kupingwa: paneli igeuzwe kifudifudi, kioo kikae mgongoni kwake, na asiiguse mtu yeyote mpaka mgeni rasmi atakapoizindua. Fundi akapanda, akaigeuza. Ikalala juu ya bati kama mlevi wa siku ya mnada.

Kesho yake simu ikalia. Alikuwa Verdiana, muuguzi wa zahanati ile, dada wa Bukoba aliyeletwa kwetu na uhamisho na kubakizwa na upepo wa mlima.

"Rogers, friji imezima. Chanjo nimezihamishia kwenye kasha la barafu, na barafu yenyewe kesho mchana itakuwa maji. Kliniki ni kesho!"

"Dada Verdiana, tulia. Mwanga umepanda daraja jana tu. Uko kwenye kipindi cha majaribio, haujathibitishwa kazini."

"Na surua nayo niiambie isubiri kuthibitishwa?"

"Andika dokezo, lipite kwa utaratibu."

"Nitakuandikia usoni."

Akakata. Watumishi wengine hawana subira kabisa.

Siku ya uzinduzi ikaangukia siku ya kliniki, jambo zuri, maana umati ulikuwepo tayari. Kina mama wa wafugaji walikuwa wametembea tangu alfajiri kutoka uwandani, watoto mgongoni. Verdiana alikuwa ameketi mlangoni na kasha lake la barafu, akiliangalia kama mtu anayeangalia maziwa yasifurike jikoni.

Mheshimiwa akashuka kwenye gari na suti ya buluu. Kijana wa muziki akambania kipaza sauti kidogo kwenye kola. Mheshimiwa akafungua mdomo, akazungumza kwa kirefu sana, akanyoosha kidole kuelekea Mlima Hanang. Hakikusikika kitu. Spika zilikuwa zimechomekwa kwenye umeme wa zahanati. Kina mama wakainamisha vichwa, wakidhani anaombea mvua.

Verdiana akasogea. "Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, muuguzi."

"Nimempigia Dk. Erica. Anasema alimaanisha mwanga wenye nguvu ndogo. Hakusema unatoka ardhini. Paneli itazame jua, sasa hivi. Barafu imeisha, Mheshimiwa. Ngazi hii hapa."

"Mwiteni fundi."

"Fundi amekataa. Azimio linasema asiiguse mtu kabla ya mgeni rasmi."

"Na mgeni rasmi ni nani?"

Nikapekua ratiba kwa heshima zote. "Ni wewe, Mheshimiwa."

Akapanda. Upepo wa mlima ukaingia kwenye koti, likajaa kama kiroba. Mimi nilishika ngazi, kazi inayohitaji fizikia.

"Rogers! Hii nati inafunguka upande gani?"

"Upande wa kufungukia, Mheshimiwa!"

Kwa kuvuta na kusukuma, paneli ikageuka, jua la mchana likaipiga usoni. Ndani friji ikanguruma. Verdiana akaingia mbio, akakagua alama za joto kwenye vichupa, akapaza sauti: "Zinafaa! Hazijaharibika! Jipangeni!"

Spika nazo zikafufuka, na kipaza sauti kilikuwa bado kwenye kola.

"...mwanga wa chini, mwanga wa juu, mimi nitajuaje?" Sauti ya Mheshimiwa ikanguruma uwanda mzima. "Tangu siku ya kwanza sijaelewa hata nukta moja! Nimepitisha kwa sababu niliambiwa kuna kuzindua!"

Bibi mmoja akapiga vigelegele. "Hii sasa ndiyo hotuba!"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mheshimiwa akagundua, akaninyooshea kidole kutoka juu ya bati. "Muulizeni huyo! Ndiye aliyetafsiri!"

Niliona heshima ya Kamati iko hatarini. Nikaiacha ngazi, upepo ukaichukua ukaitupa kwenye majani, hivyo siku ile aliyepandishwa akabaki kuwa Mheshimiwa peke yake. Nikanyakua kipaza sauti cha mkononi.

"Ndugu wananchi, nikiwa mwanafizikia..."

"Rogers!"

Sauti ilitoka kwenye foleni ya sindano. Alikuwa Mwalimu Yonas, aliyenifundisha sekondari, na mwanawe begani.

"Fizikia hiyo umeisoma wapi? Si uliiacha kidato cha pili, ukaniambia inakuumiza tumbo?"

Nilikuwa nimejiandaa kikamilifu. Ningesema kwa niaba ya Kamati kwamba mzee huyu simfahamu, sijawahi kumwona, na huenda ametumwa na watu wa Mbulu. Nikavuta pumzi, nikakisogeza kipaza sauti mdomoni, na mdomo wangu, uliolelewa vizuri na mama yangu, ukasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa ng'ombe:

"Shikamoo, mwalimu."